Damu ya Jumatatu

Hebu niambie, umewahi kumwona mtu aliyesoma mpaka vyuo vikamwishia, akitetemeka mbele ya namba moja tu, na namba yenyewe haifiki hata kumi?

Mimi namjua mmoja. Kwao walimwita Kijiti, kwa sababu tangu utotoni alikuwa mwembamba, shingo ndefu, mikono kama mipini ya mifagio. Kazi yake ilikuwa kuchunguza damu za watu wanene. Alitaka kujua mafuta yakilundikana mwilini yanafanya nini mpaka sukari inapanda, ini linachoka na macho yanaingia ukungu. Miaka kumi na tisa aliifanya kazi hiyo, katika maabara yenye majokofu yanayonguruma mchana kutwa, amevaa koti jeupe ambalo mfuko wake wa kushoto alikuwa ameushona mara mbili kwa uzi usiofanana.

Jumapili moja, vyombo vya mchana havijaoshwa bado, wifi yake aliingia na kimkoba chenye zipu. Ndani mlikuwa na kipimo cha sukari, kile kidogo cha kukaa kiganjani, pamoja na kikopo cha vile vipande vya kupimia.

"Nimejinunulia," wifi akasema. "Leo nawachoma nyote. Nyumba ya mtaalamu haiwezi kukosa kipimo."

"Nyumba ya mtaalamu ina mtaalamu," Kijiti akamjibu. "Hicho ni kidoli cha watoto."

"Wivu huo, wifi yangu. Unaogopa nitakunyang'anya kazi."

Wakacheka. Wa kwanza kuchomwa alikuwa mume wa Kijiti, fundi wa makochi, mwenye vidole vilivyokomaa kwa kuvuta ngozi na kupiga misumari. Sindano ilirudi mara mbili bila damu.

"Kaka, hii ngozi au turubai?"

"Choma kwa nguvu, usinibembeleze."

Namba yake ilitoka nzuri, sita na kidogo, kwa mtu aliyetoka kushiba. Kisha wifi akamgeukia mama yake Kijiti. Huyu alikuwa mama mpana, mwenye kicheko kinachotikisa kiti, na hata siku ile ya kupumzika alikuwa amevaa soksi nene na raba nyeupe. Watu walimwita Bibi Hatua. Alikuwa mmoja wa wanawake mia moja na arobaini walioingia kwenye utafiti wa binti yake: kila asubuhi wanatembea, kila baada ya miezi minne wanatolewa damu. Walianza na sukari za kutisha. Sasa, baada ya miaka miwili, karibu zote zilikuwa zimeshuka. Bibi Hatua alianza na tisa akafika tano, na vidonge vyake akavitupa.

"Mimi nishapimwa na mashine kubwa kama kabati," akasema. "Hicho chako kitanipima nini?"

Hata hivyo akatoa kidole. Kipimo kikahesabu, kikalia, kikaonyesha kumi na tatu nukta sita. Wifi akakitikisa, akakisoma tena.

"Kidude chako kimelewa," Bibi Hatua akasema, akiupangusa mkono kwenye gauni. Akainuka kwenda kuosha vyombo, na Kijiti akaona mama yake anavuta mguu wa kulia kidogo, kama mtu mwenye kijiwe kiatuni.

*

Wifi alikisahau kipimo juu ya kabati la televisheni. Jumatatu asubuhi Kijiti alikichukua, akaingia nacho bafuni, akafunga mlango kwa komeo. Alikuwa hajanywa hata maji. Mtu wa namna hiyo, akiwa mzima, sukari yake huwa nne, au tano na ushee. Akajichoma kidole cha pete.

Nane nukta tisa.

Akanawa mikono kwa sabuni, akajifuta, akachoma kidole kingine. Nane nukta nane. Alikaa juu ya karai lililopinduliwa, akasikiliza mumewe anavyopiga mluzi jikoni akitafuta kiberiti.

Sasa nikueleze kwa nini aliogopa kiasi kile, maana sukari ya nane wapo wengi wanaoishi nayo. Mashine ya kupimia damu, kama mizani ya dukani, lazima ijaribiwe kwa kitu ambacho uzito wake unajulikana. Maabarani kwao walikuwa wakiletewa vichupa kutoka nje, maji yake yana sukari iliyopimwa kabisa. Vichupa vilikwama forodhani, vilipotoka vilikuwa vimeharibika kwa joto. Profesa, mkuu wao, akasema, "Wiki mbili tu, tutumie damu ya mtu mzima tunayemjua." Wakatazamana. Nani mzima kuliko Kijiti? Hana kitambi, hana shavu. Waliijaribu mashine kwa kichupa cha mwisho kilichosalia, wakampima, sukari yake ikatoka tano kamili. Tangu hapo kila Jumatatu alikuja hajala, akatolewa damu, ikaingizwa kwenye mashine. Mashine ikisema tano, kazi ianze. Ikisema tano nukta moja, basi mashine imepotoka, irudishwe mpaka iseme tano.

Zile wiki mbili zilikuwa zimefika wiki tisini na sita.

*

"Karibu, mzima wetu," alisema fundi wa maabara, mwanamume mpole waliyemwita Ndevu, akifunga mpira kwenye mkono wa Kijiti. "Leo vipi, mbona umepauka? Au fundi wa makochi amekunyima mto?"

Kijiti hakucheka. Damu ilipoingia kwenye mashine ikatoka tano nukta moja. Ndevu akanyoosha kidole kwenye vitufe.

"Subiri," Kijiti akasema. "Kila Jumatatu unairudisha upande gani?"

"Chini. Inapenda kupanda, ushajua tabia yake."

"Imewahi kushuka, ukairudisha juu?"

Ndevu akafikiri, akivuta ndevu. "Hapana. Hii inapanda tu."

Kijiti alitoka nje ukumbini. Mama wa usafi alikuwa anapiga deki, anaimba kwa pua. Akamwomba damu.

"Yangu? Mimi si mnene, mwanangu, mimi nina mifupa mizito."

"Kidogo tu, mama. Umekula?"

"Nitakula na nani saa hizi? Chai yangu bado iko kwenye chupa."

Damu ya mama wa usafi ikaingia. Mashine ikaandika mbili nukta nane. Mtu mwenye sukari hiyo angekuwa anatokwa jasho, ulimi mzito, labda yuko sakafuni. Mama wa usafi alisimama mlangoni na ufagio wake wa maji, akiwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mbona mnanitazama kama maiti? Kwani nimekufa?"

Ndevu alicheka peke yake, kicheko kikamfia mdomoni. Alikuwa ameelewa. Si mashine iliyokuwa inapanda. Ni damu ya Kijiti. Kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, mtu waliyemfanya kipimo cha uzima alikuwa anaugua, nao kila alipougua zaidi waliipunja mashine ili aendelee kuwa tano. Na kila alipopunjwa yeye, wale wanawake mia moja na arobaini nao walipunjwa. Wanawake wale hawakuwa wameshuka hata kidogo.

"Mama yangu aliacha dawa," Kijiti akasema. Sauti ilitoka ndogo mno, Ndevu akainama kuisikia. "Nilimwambia mimi."

*

Profesa alimsikiliza huku amesimama. Alikuwa mzee nadhifu, anayepanga kalamu zake kwa urefu. Kijiti alipomaliza, zile kalamu zilikuwa zimepangwa upya mara tatu.

"Una hakika?"

"Nimerudia kwa watu wanne wazima. Wote wanatoka chini. Damu yangu imebadilika, Profesa. Mimi nime..."

"Alhamisi wageni wanakuja," Profesa akamkata. "Wafadhili. Waandishi wa habari. Ukumbi umeshapambwa."

"Najua."

"Basi sikia. Wapite Alhamisi. Wiki ijayo tunatangaza kwamba tunapima upya kwa ajili ya awamu ya pili. Kimyakimya. Hakuna anayeumia."

"Wapo walioacha vidonge."

"Wiki moja, binti yangu. Wamekaa miaka miwili, wiki moja itawaua?" Akavuta droo, akatoa bahasha. Ilimponyoka, akaiokota, na Kijiti akaona kwamba mzee naye anaogopa, pengine kuliko yeye. "Hii nilitaka nikupe siku yenyewe. Kuanzia mwezi ujao wewe ndiye mkuu wa maabara. Uliistahili zamani. Ukisema Alhamisi, wataniuliza nani aliruhusu, na watakuuliza damu ilikuwa ya nani. Hakuna atakayetuajiri tena, hata kuosha chupa."

Kijiti aliipokea bahasha kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kupokea vitu kwa wakubwa. Akashukuru. Alipofika kwenye ngazi ndipo akajishangaa: ameshukuru nini?

*

Kesho yake jioni alimweleza mumewe, akiwa amesimama kwenye karakana, katikati ya makochi yaliyovuliwa nguo, sponji zao nje. Mume alikuwa na misumari mdomoni. Akaitema mmoja mmoja kwenye kiganja.

"Kwa hiyo mashine ilikuwa inapimwa kwa damu yako."

"Ndiyo. Na damu yangu si nzuri tena."

"Lo! Na kazi itakuwaje?"

"Sijui."

"Wakikufukuza? Mtoto yuko darasa la mtihani. Mama yako yuko hapa. Mimi haya makochi, watu siku hizi wananunua ya plastiki." Akalipiga kochi konde dogo, vumbi likaruka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameingiwa na hofu, na hofu ilimwonyesha vitu vya karibu tu. "Profesa amesema wiki moja. Si usubiri wiki moja?"

Kijiti akaitika kwa kichwa. Aliingia ndani, na kwenye kibaraza cha nyuma akamkuta mama yake ameketi, beseni mbele yake. Raba moja ilikuwa imevuliwa. Ya pili, ya kulia, alikuwa bado anaitazama.

"Nikusaidie, mama."

"Wee, acha. Nitavua mwenyewe."

"Lete mguu."

"Nimesema acha!"

Bibi Hatua hakuwa mtu wa kufoka. Kijiti alichuchumaa, akafungua kamba, akavuta raba polepole. Soksi ilikuwa imegandia. Akailowesha kwa maji ya beseni, akaikunja kidogo kidogo. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha chupa, kingo zake nyeupe, katikati peusi. Harufu yake ilimfanya afumbe macho.

"Tangu lini?"

"Raba hizi mpya tu. Zinabana."

"Mama. Tangu lini?"

"Kama mwezi. Hakiumi hata kidogo, ndiyo maana sikusema." Akashusha sauti. "Na ningesemaje? Mimi ndiye mfano. Kila nikipita wananiita, Bibi Hatua aliyepona. Mtu aliyepona anaota kidonda? Wangekucheka wewe."

*

Jumatano Kijiti alimpeleka zahanati, akaomba ruhusa kazini kwa kusingizia kichwa. Foleni ilifika mpaka kwenye ua, watu wamekaa kwenye mabenchi ya mbao, wakisogea pamoja kila jina likiitwa. Nesi aliyewapokea alikuwa mnene, mwepesi wa mikono, mkali kama pilipili. Alikisafisha kidonda, kisha akachukua kijiti cha pamba kilichovunjwa ncha, akamchoma Bibi Hatua unyayoni.

"Unasikia?"

"Bado hujanigusa."

Nesi alikuwa amemgusa mara sita. Akampima sukari, akatazama kipimo, akakiweka mezani bila kusema namba. Kijiti aliiona mwenyewe. Kumi na sita.

"Mama, unatumia dawa gani?"

"Situmii. Nilitumia zamani."

"Nani alikwambia uache?"

Bibi Hatua akafungua mdomo. Akamtazama binti yake, ambaye alikuwa anatazama sakafu, kigae chenye ufa uliofanana na mto kwenye ramani. Kijiti alikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa neno moja. Ulimi haukuinuka.

"Hawa wazee wetu!" nesi akaendelea, akikata bandeji kwa meno. "Wanamsikiliza kila anayepita na chupa ya mizizi. Na wewe dada, wewe ndiye mwanawe? Unaonekana msomi. Umeishi naye nyumba moja, hukuona? Ulikuwa unafanya kazi gani ya maana hivyo?"

Watu wawili kwenye benchi la karibu walinyoosha shingo.

"Ofisini," Kijiti akasema.

"Ofisini! Haya. Ijumaa asubuhi mpeleke hospitali kubwa, wauangalie mguu huu. Unaweza kuokolewa, lakini msicheze nao. Na hivi vidonge aanze leo."

Nje, chini ya jua, Bibi Hatua alivishika vidonge kiganjani. "Nimeze? Si ulisema nimepona?"

"Meza tu, mama."

Mama akamtazama usoni kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama mtoto mdogo mwenye homa. Kisha akameza vikavu, bila maji, wala hakuuliza tena.

*

Alhamisi ukumbi ulikuwa umejaa. Wanawake wa kutembea walikaa mbele, wote wamevaa fulana za njano zilizotolewa siku ile, nyingine zinabana kifuani wakawa wanazivuta na kucheka. Wageni walikaa upande wa pili wakiwa na vitambulisho shingoni. Ukutani palioneshwa picha ya mstari mmoja unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia, mzuri kama kilima cha kuteleza watoto. Kijiti alikaa mwisho wa safu ya pili, karibu na Ndevu. Alikuwa ameahidi moyoni mara kumi kwamba atasema, na mara kumi kwamba atangoja wiki moja.

Profesa aliongea vizuri. Kisha akamwita Bibi Hatua kutoa ushuhuda. Akapanda jukwaani kwa malapa, bandeji nyeupe mguuni, akipepesuka kidogo, na wanawake wakampigia vigelegele.

"Mimi nilikuwa siwezi kupanda ngazi tatu," akaanza, kipaza sauti kikikoroma. "Siku ya kwanza ya kutembea, wenzangu walinifikisha nyumbani kwa mkokoteni wa maji." Kicheko. "Sasa natembea mpaka raba zinaomba msamaha."

Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akainua mkono. "Hongera sana, mama. Na dawa, unaendelea nazo?"

"Nilikuwa nimeacha."

"Uliacha? Nani alikushauri?"

Profesa alikuwa amesimama karibu na swichi ya taa, akiishika kama vile ingemshikilia. Bibi Hatua hakumtazama binti yake safari hii. Alitazama juu ya vichwa vya watu.

"Hakuna," akasema. "Ni mimi mwenyewe. Kichwa changu kigumu, tangu zamani. Sikumsikiliza mtu."

Kijiti alijikuta amesimama. Kiti chake kilianguka nyuma, mlio ukasikika ukumbi mzima.

"Si kweli," akasema. "Nilimwambia mimi."

"Kaa chini, mwanangu," mama akasema kwenye kipaza sauti, taratibu.

"Nilimwambia mimi aache. Na ninyi niliwaambia mimi. Ule mstari pale ukutani si wa kweli." Akashika bega la Ndevu. Akaeleza. Hakueleza kisomi. Alisema habari ya vichupa, ya Jumatatu, ya damu moja iliyofanywa mizani ya wote, na jinsi mizani hiyo ilivyooza bila mtu kujua. Profesa alisema "Tafadhali," mara mbili, kisha akakaa kwenye ngazi ya jukwaa, suti yake nadhifu, kichwa mikononi.

"Kwa hiyo mimi sijapona?" mwanamke mmoja akauliza kutoka mbele.

"Hujapona."

"Na mimi niliyegawa vidonge vyangu kwa jirani?"

"Rudini kwenye dawa leo. Kabla hamjaondoka tutawapima upya, kwa vipimo vya mkononi. Ndevu anavyo. Atakayetaka kunishtaki, jina langu liko kwenye karatasi zenu zote."

Fujo ikapanda. Mmoja alilia kwa sauti. Mwingine aliivua fulana ya njano juu ya gauni lake, akaitupa sakafuni. Waandishi wa habari walikuwa wanakimbizana na kamera, na mama mwenye miwani alikuwa anaandika bila kuinua uso. Kijiti alisimama katikati yao, hajui aweke wapi mikono.

Bibi Hatua alikuwa bado amekishika kipaza sauti. Alikuwa amesikia yote, mpaka ile habari ya mizani, na alikuwa ameielewa upande ambao hakuna mwingine aliyeutazama tangu Jumatatu. Akakipiga kipaza sauti kwa kidole mpaka watu wakanyamaza.

"Kijiti," akasema. "Hiyo damu iliyoharibika. Si ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Sasa wewe unaendeleaje?"

Kijiti alimtazama kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana.

"Vibaya," akasema. "Ni karibu tisa, mama. Tangu Jumatatu nataka nimwambie mtu. Naumwa, na naogopa."